Mkia wa jina na bei yake ya kesho

Swali tunaloulizwa kuliko yote sisi tunaonunua na kuuza majina ya tovuti huku Kisumu ni hili: "Nina jina lenye neno Kisumu ndani yake, linaishia na .co.ke, nimelilipia miaka kadhaa. Mji unakua. Nikilishika mpaka 2030 litafika bei gani?" Anayeuliza anataka kutajiwa tarakimu. Sisi humrudishia swali: ukipita Oginga Odinga Street kutoka juu hadi chini, utataja biashara ngapi zinazoweza kutoa elfu hamsini kesho kwa ajili ya jina hilo? Hatuulizi zinazoweza kulitumia, maana hizo ni nyingi. Fundi wa simu, muuza vipuri wa Kondele, mwenye vyumba vya kukodisha Milimani, wote wangelitumia vizuri. Lakini wateja wao wanawapata kwa WhatsApp, kwa ukurasa wa Facebook na kwa nambari iliyoandikwa mlangoni, na hawaoni pengo lolote la kuzibwa kwa elfu hamsini.

Mkia ni ile sehemu ya mwisho ya jina: .com, .co.ke, .africa, .ai na wenzake. Tunaupima kwa mambo mawili. La kwanza, ni watu wangapi tofauti wenye pesa wanaoweza kulitaka neno lilelile chini ya mkia huo. La pili, nani anapanga ada ya kila mwaka, na nani anaweza kumzuia asiipandishe. Uzuri wa neno lenyewe huja baada ya hayo. Hakuna anayemiliki domeini, yaani jina la tovuti, moja kwa moja. Unaikodi mwaka baada ya mwaka, kama mwenye kibanda kwenye ploti ya mtu: mabati ni yako, ardhi si yako. Ndiyo maana anayetabiri bei ya kesho bila kumjua mwenye ardhi anapiga ramli.

Tuanze na .com, kwa kuwa mikia mingine yote hupimwa kwa huo. Umekuwepo tangu 1985, na unaendeshwa na kampuni ya Verisign ya Marekani. Bei ya jumla, yaani ile ambayo msajili wako (kampuni inayokuuzia jina) anailipa Verisign kabla ya kuongeza faida yake, ilikuwa dola 7.85 kwa miaka mingi. Kuanzia Septemba 2021 ilipanda kwa asilimia 7 mara nne mfululizo, ikafika dola 10.26 Septemba 2024. Mkataba wa sasa unakwenda hadi 2030 na unaruhusu nyongeza ya aina hiyohiyo katika miaka minne ya mwisho. Verisign wakiitumia ruhusa yote, bei ya jumla itafika karibu dola 13.45. Ni nyongeza inayouma, lakini unaweza kuihesabu leo na kuiandika kwenye daftari. Mikia mingi haikupi nafasi hiyo.

Nguvu ya .com sokoni ni kwamba mnunuzi wake anaweza kuwa mahali popote duniani. Neno moja la Kiingereza chini ya .com linaweza kutakiwa na kampuni ya London, ya Mumbai na ya Lagos kwa wakati mmoja, na hao watatu ndio wanaoipandisha bei. Ndivyo voice.com ilivyouzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Lakini usije ukauchukua mfano huo ukaupachika kwenye jina la maneno matatu ulilolisajili jana. Mtaa wa Kisumu, jina la ukoo na huduma vikiunganishwa chini ya .com havimvutii mtu wa London. Hapo .com yako inashindana na .co.ke, na mara nyingi inashindwa, kwa sababu mteja wa hapa akiona .co.ke anajua mara moja kwamba biashara iko Kenya.

Sasa hesabu ambayo wengi huikwepa. Chukua majina 50 ya .com. Kwa bei za rejareja, pamoja na kodi na ubadilishaji wa dola, tuseme kila moja linakugharimu shilingi 1,800 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi 90,000 kila mwaka, uuze usiuze. Makadirio yanayozunguka miongoni mwa wauzaji wa majina ni kwamba mtu mwenye majina ya wastani huuza asilimia moja hadi mbili ya alichonacho kwa mwaka. Kwa majina 50, hiyo ni nusu jina hadi jina moja. Kwa hiyo hilo moja lisipopata 90,000, umefanya kazi ya hasara mwaka mzima. Akishaifanya hesabu hii, mtu mwenyewe huanza kuyapunguza majina yake bila kushauriwa, akabaki na manane au kumi anayoweza kumtajia mnunuzi wa kila moja.

Huku nyumbani mkia wa Kenya unasimamiwa na KeNIC. Chini ya .ke kuna vyumba: .co.ke kwa biashara, .or.ke kwa mashirika yasiyo ya faida, .ac.ke kwa vyuo, .sc.ke kwa shule, .go.ke kwa serikali, .me.ke kwa watu binafsi, na vingine vichache. Mikia inayodai karatasi kabla ya kusajili, kama .go.ke na .ac.ke, thamani yake ya kuuzwa ni sufuri. Huwezi kumuuzia mtu kitu ambacho hana ruhusa ya kukishika. Tusipoteze muda hapo.

Biashara iko kwenye .co.ke na, tangu 2017, kwenye .ke yenyewe bila kitu katikati. Hiyo .ke fupi ilipofunguliwa wengi walidhani itaimeza .co.ke. Kilichotokea ni kwamba kila moja imeipunguzia nyingine bei. Ukimpelekea mnunuzi wa Nairobi neno zuri chini ya .ke, swali lake la kwanza ni, "Na .co.ke ni ya nani?" Anauliza hivyo kwa sababu nzuri. Wakenya wameizoea .co.ke mpaka vidole vinaiandika vyenyewe. Kampuni ikikaa kwenye .ke wakati .co.ke ya neno hilohilo ina mtu mwingine, sehemu ya barua pepe za wateja itakwenda kwa huyo mtu: oda, ankara, hata nakala za vitambulisho. Mnunuzi mwenye akili hulipia zote mbili au hagusi kabisa. Kwa hiyo ukitaka kununua ili uuze, nunua neno moja kwenye mikia yote miwili badala ya maneno mawili kila moja kwenye mkia mmoja. Kwa maoni yetu, jozi moja ina nafuu kuliko nusu mbili.

Ni maneno gani yanauzika? Yale yanayokaa karibu na pesa: bima, mikopo, ardhi, nyumba, kazi, mbegu, dawa za mifugo, usafiri. Liwe neno moja, au mawili mafupi yasiyohitaji kistari. Neno la Kiswahili lina nafasi yake, na kwa .co.ke wakati mwingine lina nafasi kuliko la Kiingereza, kwa sababu mteja wa Kakamega na wa Naivasha wanaliandika bila kukosea. Mnunuzi wa majina haya kwa kawaida yuko Nairobi, hata pale jina linapohusu mambo ya huku ziwani. Jina la omena au la utalii wa Dunga litanunuliwa na mtu wa huku, lakini kwa bei ya huku.

Majina ya mji na huduma, yaani Kisumu ukiunganisha na hoteli, au Nakuru na nyumba, yana mnunuzi, ila dari yake iko chini. Elfu ishirini, thelathini, mara chache zaidi. Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, watu walikimbilia kusajili kila kitu chenye maneno Nakuru City. Hadhi haikuongeza idadi ya biashara zenye bajeti ya jina. Iliongeza idadi ya majina yaliyokuwa yakiuzwa. Bei ikashuka badala ya kupanda. Anayeshika jina la mji ashike moja, lile ambalo hoteli au wakala wa nyumba angelitamka kwenye redio bila kulieleza.

Majina ya matukio ni mabaya zaidi. Mkutano wa miji ya Afrika, Africities, uliletwa Kisumu Mei 2022. Jina lolote lenye mwaka huo ndani yake lilikwisha thamani wiki iliyofuata. Kombe la Afrika la 2027, ambalo Kenya itaandaa pamoja na Uganda na Tanzania, linawatamanisha watu vivyo hivyo, tena kwa hatari ya ziada: jina la mashindano ni alama ya biashara ya wenyewe.

Hapa kwenye alama za biashara tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia bila kujua kosa liko wapi. Tangu 1999 kuna utaratibu wa kimataifa wa kutatua migogoro ya majina ya .com na mikia inayofanana nayo. Mlalamikaji anatakiwa kuonyesha mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake, kwamba wewe huna haki wala maslahi halali kwenye jina hilo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Akishinda, jina linahamishiwa kwake au linafutwa, nawe hupati hata ada uliyolipa. Ada ya kufungua shauri kwenye WIPO, shirika la kimataifa la mali bunifu, kwa jina moja hadi matano mbele ya mwamuzi mmoja, ni dola 1,500. Kwa hiyo kampuni kubwa ikitajiwa bei ya dola elfu tano huona shauri ni rahisi zaidi. Na ile barua unayomwandikia mwenye alama, "Nina jina lako, unaweza kulinunua," ndiyo ushahidi wa kwanza wa nia mbaya. Umemwandikia mwenyewe, na tarehe iko juu. Kabla ya kununua neno lolote linalonukia kampuni, litafute kwanza kwenye rejesta ya KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara Kenya, na kwenye tovuti ya WIPO. Majina ya benki, ya mitandao ya simu na ya huduma za kutuma pesa yaache kabisa, hata ukiyazungushia neno lingine.

Tutoke nje ya nchi. Mikia ya herufi mbili yote ni ya nchi au maeneo, hata ile inayoonekana kama neno la teknolojia. .ai ni ya Anguilla, kisiwa kidogo cha Karibea. .io ni ya eneo la Uingereza katika Bahari ya Hindi. .co ni ya Kolombia, .tv ya Tuvalu, .me ya Montenegro. Herufi hizo hutoka kwenye ISO 3166, orodha ya kimataifa ya vifupisho vya nchi, na nchi ikitoka kwenye orodha, mkia nao huanza kuelekea kaburini. Hili si jambo la kufikirika. .zr ya Zaire ilifutwa 2001 baada ya nchi kuwa Kongo. .yu ya Yugoslavia ilifutwa 2010. Majina yaliyokuwa chini yake hayakuuzika kwa yeyote.

Kwa .io hofu ilianza Oktoba 2024, Uingereza ilipotangaza kwamba itarudisha visiwa vya Chagos, ambavyo ndivyo eneo hilo, kwa Mauritius. Mkataba ukatiwa saini Mei 2025. Mkataba haufuti mkia. Kinachoweza kuufuta ni herufi IO kuondolewa kwenye orodha ya ISO, na hata hapo kanuni za ICANN, shirika linaloratibu mikia yote duniani, zinatoa miaka mitano ya kuufunga, inayoweza kuongezwa hadi kumi. Kwa mwenye tovuti, miaka hiyo inatosha kuhama. Kwa anayetaka kuuza, athari huja mapema kuliko hapo, kwa sababu mnunuzi hupunguza bei siku anaposoma habari, hasubiri mkia ufe. Jina la .io tunalinunua tu kama mnunuzi wake tayari tunamfahamu.

.ai ndiyo inayouliziwa zaidi sasa, na haina mzaha. Mwaka 2023 Anguilla ilipata takriban dola milioni 32 kutokana na majina hayo, zaidi ya moja ya tano ya mapato yote ya serikali yake. Mwaka huohuo you.ai iliuzwa dola 700,000. Wanunuzi wapo, wana pesa, na .com ya neno wanalolitaka mara nyingi imeshachukuliwa. Lakini tazama gharama ya kuingia: usajili ni angalau miaka miwili kwa mpigo, na bei ya rejareja hupita dola mia moja kwa miaka hiyo miwili. Pesa inayoshika .ai kumi ingeshika zaidi ya .com hamsini kwa mwaka. Na serikali inayotegemea mapato ya mkia kiasi hicho haina sababu ya kuacha ada chini. Ushauri wetu ni kwamba .ai ni ya kununua na kuuza ndani ya muhula mmoja. Ukifika wakati wa kulipia tena na hujapata hata ulizo moja, iache iende. Kuifanya akiba ya uzeeni ni kuweka pesa yako chini ya neno la msimu.

Mikia ya nchi ina jambo jingine: sheria ni ya nchi hiyo. Libya iliwahi kulichukua jina vb.ly mwaka 2010 kwa madai kwamba matumizi yake yanakiuka sheria zao. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, wenye majina ya .eu walioishi huko bila sifa nyingine waliyapoteza kuanzia 2021. Mikia ya bure ndiyo mfano mbaya kuliko yote: .tk ya Tokelau, .ml ya Mali, .ga ya Gaboni, .cf na .gq. Kampuni ya Freenom iliyagawa bila malipo, matapeli wakayapenda, Meta ikaishtaki, na mwanzoni mwa 2023 usajili ukasimama. Gaboni ilipouchukua tena mkia wake katikati ya mwaka huo, mamilioni ya majina yalifutwa. Vijana wengi wa huku walijifunzia kazi kwenye .tk na .ml, na hilo halina ubaya. Ubaya ni kuyahesabu kama mali.

.africa ilianza kupokea usajili wa jumla Julai 2017 baada ya mvutano mrefu wa kisheria kuhusu nani auendeshe, na sasa uko chini ya shirika la Afrika Kusini. Ni mkia wa heshima, ada yake ni ya wastani, na shirika linalofanya kazi Kenya, Rwanda na Ghana linaweza kuutumia vizuri. Kuuuza tena ni kazi ngumu. Anayeutaka hulikuta neno analolitaka bado liko huru na kulisajili kwa bei ya kawaida. Mpaka maneno mazuri yaishe, muuzaji hana cha kuuza.

Sasa mikia mipya: .xyz, .shop, .online, .site na mamia mengine yaliyoanza kufunguliwa mwishoni mwa 2013. Mtego wake uko kwenye ukurasa wa malipo. Mwaka wa kwanza shilingi mia mbili, mwaka wa pili elfu tatu au zaidi. Shuka chini ya ukurasa utafute bei ya kuhuisha kabla ya kulipa, na usome kama jina limewekwa kwenye kundi la bei maalum. Baadhi ya majina hayo hutozwa mamia ya dola kila mwaka, si mwaka wa kwanza tu. Tena wenye mikia hii hawana kizuizi cha asilimia 7 kama cha .com. Mwaka 2017 kampuni ya Uniregistry ilitangaza kupandisha bei za baadhi ya mikia yake kwa kiwango ambacho baadhi ya wasajili wakubwa waliacha kuiuza kwa muda. Kinga pekee ni kwamba lazima wawape wasajili taarifa miezi sita mapema, na unaweza kulipia hadi miaka kumi mbele kwa bei ya zamani.

Mauzo makubwa yapo. vacation.rentals iliuzwa dola 500,300 mwaka 2018, na home.loans dola 500,000 mwaka huohuo. Ukiangalia vizuri utaona kwamba kushoto na kulia kwa nukta pale panafanya neno moja ambalo watu hulitamka kila siku, tena neno la biashara yenye pesa nene. Jina lisilofanya hivyo chini ya mkia mpya hubaki mkononi. Na mikia inaongezeka: ICANN ilipanga kufungua dirisha jingine la maombi Aprili 2026, ada ya ombi moja ikiwa dola 227,000. Kila mkia mpya unampa mnunuzi njia nyingine ya kukukwepa, isipokuwa kama unachoshika ni kile ambacho wote wanakikimbilia mwisho wa safari.

Ukiletewa jina ulipime, fanya hivi kabla ya kutaja bei. Fungua kumbukumbu ya usajili uangalie tarehe tatu: lilisajiliwa lini, linaisha lini, lilibadilishwa lini. Jina lililobadilishwa juzi linaweza kuwa limefungwa siku 60 lisihamie kwa msajili mwingine. Kisha ingia kwenye hifadhi ya Wayback Machine uone lilitumika kwa nini huko nyuma. Jina lililowahi kuuza dawa bandia au kamari haramu hubeba uchafu wake kwenye injini za utafutaji na kwenye vichujio vya barua pepe. Tafuta mauzo ya majina yanayofanana kwenye NameBio, tovuti inayoorodhesha mauzo yaliyopita. Halafu jaribu neno hilohilo kwenye mikia mingine: likiwa limechukuliwa kwenye mitano au sita na tovuti zinafanya kazi, wapo watu wanaolitaka, likiwa huru kila mahali, wewe peke yako ndiye unayelipenda. Mwisho mpigie mtu simu umtajie jina mara moja tu, aliandike. Majina ya ujanja yanayoutumia mkia wa .ke kumalizia neno, kama mwanam.ke, hupendeza kwenye bango na huanguka kwenye jaribio hili.

Kuna tatizo moja la huku kwetu linaloharibu mauzo kuliko mkia mbaya. Jina limesajiliwa kwa barua pepe ya kijana aliyetengeneza tovuti. Mwenye biashara ana risiti ya M-Pesa, hana nenosiri, na kijana yuko Qatar. Kwenye rejesta mwenye jina ni kijana. Kabla ya kutafuta mnunuzi, hakikisha jina la mwenyewe na barua pepe yake vimeandikwa kwenye rekodi, na barua pepe hiyo isiwe ile iliyo chini ya domeini hiyohiyo, maana jina likiisha muda na barua pepe inazimika, na ilani za kulipia hazimfikii mtu. Kwa .com, baada ya tarehe ya mwisho msajili anaweza kukupa hadi siku 45 za kulipia kwa bei ya kawaida, ingawa wengi hutoa pungufu ya hapo na wengine huliweka mnadani mapema. Zikipita, kuna siku 30 za kulikomboa kwa faini nzito, halafu siku 5 za kusubiri kufutwa, ambapo hakuna la kufanya tena. .ke ina ratiba yake. Isome kwa msajili wako siku unaponunua.

Mazungumzo ya bei huku huwa mafupi:

"Boss, hilo jina bado lipo?"

"Lipo, mama. Elfu sitini, na kulihamisha nafanya mwenyewe siku hiyohiyo."

"Sitini ni nyingi. Mimi niko tu hapa Kibuye na mitumba yangu."

"Naelewa. Toa ishirini leo. Nalielekeza kwenye ukurasa wako kuanzia jioni, zile arobaini unamaliza kwa miezi minne, kumi kumi. Ukimaliza linaandikwa jina lako."

Mpango huo wa awamu ndio unaouza majina ya bei ya kati katika miji yetu, na unamlinda kila upande mradi uandikwe: bei kamili, tarehe za malipo, nani analipia ada ya mwaka katikati, na nini kinatokea awamu mbili zikipita bila malipo. Usimpe mtu msimbo wa uhamisho, ile siri ya kulihamishia jina kwa msajili mwingine, kabla ya awamu ya mwisho. Ukishautoa, umetoa jina.

Kwa mauzo ya pesa taslimu, kumbuka M-Pesa ina kikomo cha shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Malipo yakiingia, usihamishe dakika hiyohiyo. Soma salio lako mwenyewe badala ya ujumbe uliotumiwa na mnunuzi, na ungoje kidogo, kwa kuwa ombi la kurudisha muamala linaweza kufuata. Mnunuzi akiwa nje ya nchi au bei ikipita laki tatu, tumia huduma ya mtu wa kati kama Escrow.com: mnunuzi anaweka pesa, wewe unahamisha, naye akithibitisha amelipokea ndipo pesa inatoka. Mkubaliane mapema nani analipa ada yao. Kama nyote mko kwa msajili mmoja, omba jina lisukumwe kutoka akaunti yako kwenda yake. Hilo linakwepa kile kifungo cha siku 60 na humalizika kwa dakika chache. Baada ya hapo ondoa kadi yako kwenye malipo ya kujirudia, na uache mipangilio ya zamani ya barua pepe za jina hilo ikifanya kazi mpaka mnunuzi afungue zake na kutuma ujumbe wa majaribio.